Saa 1 Jioni Kyela: Ramadhani Shuleni na Kazini

Katumba Songwe ni kata ya wakulima wilayani Kyela, kwenye tambarare inayoshuka kutoka milima ya Rungwe hadi Ziwa Nyasa, karibu na Mto Songwe unaoitenga Tanzania na Malawi. Tambarare hii inajulikana kwa mpunga, kakao na mawese, na wakazi wake walio wengi ni Wakristo: Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste na Wasabato. Waislamu wapo, ila ni wachache. Baadhi yao ni wenyeji wa hapa hapa. Wengine ni wafanyabiashara, madereva wa malori, walimu, wauguzi na askari walioletwa na kazi. Kila Ramadhani inapoingia, mwalimu mkuu mwenye wanafunzi wachache wanaofunga kati ya mamia, au msimamizi wa ghala mwenye vibarua wawili wanaofunga kati ya ishirini, hukutana na swali lile lile: je, kuna jambo anapaswa kufanya?

Majibu mawili huwa tayari. La kwanza husema kwamba dini ni ya mtu binafsi, kwa hiyo ratiba ibaki ilivyo. La pili husema tuwahurumie, tuwapunguzie kazi. Yote mawili hutolewa kwa nia njema, lakini mara nyingi anayeyatoa hajajua mwezi wenyewe unavyokwenda. Tuanze na mwezi, kisha saa, kisha sheria, ndipo turudi kuyapima majibu hayo.

Kwanza tuondoe dhana kwamba Uislamu ni mgeni katika pwani hii ya ziwa. Katika miaka ya 1880 wafanyabiashara Waswahili, wakiongozwa na Mlozi, walikuwa wamejenga ngome karibu na Karonga, ng'ambo ya Songwe. Biashara yao ilikuwa ya pembe za ndovu na watumwa, na Mlozi alishindwa vitani na kunyongwa mwaka 1895. Wamisionari wa Kimoravian na wale wa Berlin walifika Unyakyusa, upande wetu wa Songwe, mwaka 1891. Dini hizi mbili, basi, zimejuana hapa kwa zaidi ya karne, ingawa mwanzo wa kujuana huko ulikuwa mchungu.

Sasa saumu. Kufunga ni kujizuia kula, kunywa na kujamiiana tangu alfajiri ya kweli hadi jua linapozama, kwa nia ya ibada. Maji nayo yamo katika katazo hilo, jambo ambalo wenzetu wasio Waislamu huliuliza kila mwaka. Amri yenyewe imo katika Surat al-Baqara, kuanzia aya ya 183, na katika aya hizo hizo zimo ruhusa: mgonjwa na msafiri wanaweza kula, kisha walipe siku hizo baadaye. Malipo hayo huitwa kadha. Mzee au mgonjwa asiyetazamia kupona hutoa fidia, yaani humlisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Mwanamke aliye katika hedhi au nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua, hafungi kabisa, na hata akijilazimisha, saumu yake haisihi. Mjamzito na anayenyonyesha wana ruhusa wakihofia afya zao au za watoto wao. Mtoto asiyebaleghe hajaamrishwa; akifunga ni mazoezi tu, na katika nyumba nyingi mazoezi hayo huishia adhuhuri.

Msomaji azitunze ruhusa hizo, kwa kuwa ndizo zitakazotusaidia tutakapofika darasani. Kwa sasa inatosha kuona kwamba saumu ina milango ya kutokea, na kwamba anayepita katika mojawapo ya milango hiyo hajavunja sheria ya dini yake.

Jambo la pili ni kalenda. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355. Kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda yetu ya kawaida, na huchukua kama miaka 33 kuzunguka majira yote. Kwa Kyela hili lina maana ya moja kwa moja. Mwaka 2018 na 2019 Ramadhani ilianza mwezi Mei, mwezi wa mitihani ya kidato cha sita. Sasa imerudi hadi Februari, wakati mpunga uko shambani na palizi inangoja. Mwaka 2030 itaingia mara mbili: mwanzoni mwa Januari, na tena siku chache tu baada ya Krismasi. Mwajiri anayesema kwamba amekwisha kupanga utaratibu wa Ramadhani mara moja na basi, amepanga utaratibu wa mwaka mmoja.

Kalenda hiyo imeleta pia jambo ambalo miaka ya karibuni haikuzoea kuliona: Ramadhani na Kwaresima kuanza karibu pamoja. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza siku za kwanza za Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 Machi. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hiyo hiyo au kesho yake, kulingana na mwandamo uliofuatwa. Ofisi moja basi inaweza kuwa na Mkatoliki aliyepakwa majivu na Mwislamu anayefunga, wamekaa meza jirani, wote hawanunui chai ya saa 4. Lakini saumu zao hazifanani. Mkatoliki mwenye umri wa miaka 18 hadi 59 hutakiwa kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa mlo mmoja kamili, na maji hayakatazwi; Ijumaa nyingine za Kwaresima huacha nyama. Wengi huongeza kwa hiari yao. Anayezichanganya saumu hizi mbili atamshangaa mmoja kwa nini anakunywa maji na mwingine kwa nini hanywi.

Kuanza kwa mwezi kwenyewe hakujulikani kwa uhakika kabla ya usiku wake. Mwezi wa Kiislamu una siku 29 au 30, na mwandamo hutangazwa baada ya kuonekana. Upande wa Tanzania Bara wengi hungoja tangazo la Mufti kupitia Baraza Kuu la Waislamu (BAKWATA). Wapo wanaofuata mwandamo ukionekana popote duniani. Hivyo wafanyakazi wawili wa ghala moja wanaweza kuanza kufunga siku mbili tofauti, na kumaliza siku mbili tofauti. Si kazi ya msimamizi kuamua nani kati yao yuko sahihi. Kazi yake ni kuacha nafasi ya siku moja katika ratiba, mwanzoni na mwishoni, na kutopanga mtihani wa majaribio kwenye siku inayoweza kuwa Idi.

Tufike kwenye saa, na hapa tukae kidogo, kwa kuwa utaratibu wote wa kazini unategemea saa.

Tanzania yote hutumia saa moja inayokadiriwa kwa mstari wa longitudo ya digrii 45 mashariki. Kyela iko karibu na digrii 34, magharibi sana ya mstari huo. Matokeo yake ni kwamba jua huchelewa hapa ukilinganisha na Dar es Salaam, iliyo karibu na digrii 39. Kila digrii moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua likizama Dar es Salaam, mtu wa Katumba Songwe bado analiona, na ataendelea kuliona kwa zaidi ya dakika 20. Ratiba ya futari iliyochapishwa Dar es Salaam, au adhana inayosikika redioni kutoka huko, si ya Kyela. Anayefuturu kwa adhana hiyo amekula mchana. Msimamizi asiyejua hili atadhani mfanyakazi wake anavuta muda anapomwambia, "Bado, bosi, hapa kwetu jua halijatua."

Katika Februari na Machi jua huzama Kyela saa 1 jioni, ikizidi au kupungua dakika chache. Alfajiri huingia karibu saa 11 na nusu. Kwa hiyo mfungaji wa hapa hukaa saa 13 na nusu hivi bila chakula wala maji, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta, urefu huo haubadiliki sana mwaka mzima. Mtanzania aliyeko London aliyefunga Juni ya 2016 alikaa zaidi ya saa 18. Kwetu ugumu hautokani na urefu wa siku. Unatokana na joto la tambarare iliyo chini, kando ya ziwa, na kazi ya mikono inayofanywa juani.

Kuchelewa kwa jua kuna faida ambayo wengi hawajaitambua. Adhuhuri, yaani wakati jua linapovuka katikati ya anga, hufika Kyela katika miezi hii karibu saa 7 mchana, na saa 7 ndiyo saa ambayo kazi nyingi husimama kwa chakula. Mfanyakazi anayefunga hahitaji ruhusa ya ziada kwa sala ya adhuhuri. Anahitaji tu pahali safi pa kutandika mkeka na maji ya kutawadha, ndani ya mapumziko ambayo tayari ni yake.

Daraja la Songwe pale Kasumulu linaongeza hesabu nyingine. Malawi hutumia saa iliyo nyuma ya yetu kwa saa 1 nzima. Dereva anayevuka daraja jioni anarudisha saa yake nyuma, lakini jua ni lile lile. Futari ya saa 1 jioni upande wa Kasumulu ni futari ya saa 12 jioni upande wa pili. Wafanyabiashara wanaoajiri vijana wa pande zote mbili hulijua hili kwa mambo ya mzigo. Walijue pia kwa mambo ya futari. Mwandamo nao unaweza kutangazwa siku tofauti katika nchi hizi mbili.

Tuende kwenye sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema katika ibara ya 3 kwamba nchi haina dini, na katika ibara ya 19 inalinda uhuru wa kila mtu kuamini na kuabudu. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, dini ikiwa mojawapo ya misingi iliyokatazwa. Watu wengine huzisoma ibara hizi kana kwamba zinasema: kwa kuwa dola haina dini, shule ya serikali nayo isijue kitu kuhusu dini ya mwanafunzi. Usomaji huo unaisahau ibara ya 19. Dola isiyo na dini hailazimishi dini yoyote wala haizuii yoyote. Haitakiwi kujifanya kwamba raia wake hawana dini.

Hapa tunahitaji kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mno. Upendeleo ni kumpa mtu faida ambayo mwenzake aliye katika hali kama yake ananyimwa. Kumpa mtu nafasi ni kurekebisha utaratibu kiasi cha kumwezesha kutimiza wajibu ule ule kama wenzake bila kuacha imani yake. Katika upendeleo wajibu hupungua. Katika kumpa nafasi wajibu hubaki, na kinachosogea ni saa, mahali au namna.

Majirani zetu wa Kenya wameubishania mpaka huu hadi mahakama ya juu kabisa. Katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, kulitokea shauri kuhusu wanafunzi wa Kiislamu kuvaa hijabu pamoja na sare. Mahakama ya Rufani mwaka 2016 ilikubali hoja yao, ikieleza kwamba kanuni moja kwa wote inaweza kumuumiza mmoja kuliko wengine hata kama haikukusudia hivyo. Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo Januari 2019 kwa sababu dai halikuwasilishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa. Swali lenyewe likabaki wazi. Somo ninalolichukua ni dogo: jambo ambalo kikao cha wazazi na walimu kingeweza kulimaliza lilikwenda ngazi tatu za mahakama.

Kwa upande wa kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haitaji Ramadhani. Inaweka mipaka ya jumla: saa 45 za kawaida kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku, mapumziko ya walau dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5, mapumziko ya kila siku na ya kila wiki, na marufuku ya ubaguzi kwa misingi ikiwamo dini. Ndani ya mipaka hiyo, mwajiri na mfanyakazi wanaweza kukubaliana mengi.

Kuna makubaliano fulani yanayopendwa ambayo inabidi yatazamwe kwa makini. Mfanyakazi husema: "Mimi sili mchana, basi niruhusu nifanye kazi saa ya chakula, nitoke mapema." Ombi hilo linasikika kuwa la haki. Lakini mapumziko ya dakika 60 hayakuwekwa kwa ajili ya kula tu. Yamewekwa kwa ajili ya mwili, na mwili wa aliyefunga kwenye joto la Kyela unayahitaji zaidi kuliko wa mwenzake. Tena mwajiri haruhusiwi kumtumikisha mtu ndani ya mapumziko isipokuwa kazi haiwezi kuachwa au hakuna mwingine wa kuifanya. Njia iliyo salama ni kusogeza mwanzo: aanze saa 1 asubuhi badala ya saa 2, apumzike na kuswali saa 7, atoke saa 1 nzima kabla ya wenzake. Saa zimebaki zile zile na mapumziko yamebaki. Kazi nzito, kama kubeba magunia ya mpunga au kugeuza kakao kwenye vichanja, ifanywe asubuhi. Kwa kibarua wa shamba anayelipwa kwa ngwe, jambo ni jepesi zaidi: ngwe haijali imelimwa saa ngapi.

Watumishi wa ofisi za serikali wanaotoka saa 9 na nusu alasiri hawana tatizo kubwa. Wana zaidi ya saa 3 kabla ya futari. Tatizo liko kwa watu wa zamu: walinzi, wauguzi, wahudumu wa mpakani, wapishi wa hoteli. Mahali zamu zinapobadilishana saa 1 jioni, makabidhiano yanaangukia dakika ile ile ya magharibi. Mlinzi anayetoka anakabidhi funguo na daftari huku akitazama jua. Anayeingia, kama naye amefunga, anaingia lindoni bila hata tende moja. Hapa marekebisho yanayohitajika ni madogo hata inashangaza kwamba hayafanyiki kila mahali: kwa mwezi huu makabidhiano yasogezwe hadi saa 12 na nusu, au dakika 15 zitengwe za maji, tende na sala kabla ya kukabidhi. Kwa muuguzi aliye peke yake na mgonjwa mahututi, kazi haiachwi. Hufuturu kwa maji pale pale aliposimama na kuswali anapopata nafasi. Mwenzake Mkristo akimshikia zamu kwa robo saa, naye ataishika zamu yake Ijumaa Kuu.

Jibu la pili, la kupunguza kazi, lina mfano wake mkubwa Oman, walipo ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili. Sheria ya kazi ya huko humwekea mfanyakazi Mwislamu kikomo cha saa 6 kwa siku au 30 kwa wiki katika Ramadhani. Ni sheria inayofaa nchi ambayo karibu maisha yote ya mwezi huo huhamia usiku. Ikiletwa Kyela itamgeuza mfanyakazi anayefunga kuwa mzigo kwa wenzake watakaobeba saa alizoziacha, na mwajiri mdogo ataanza kuogopa kumwajiri. Vivyo hivyo, kufunga mikahawa mchana kunakozoeleka Zanzibar kunatokana na jamii ambayo karibu wote wamefunga. Sokoni Kyela mama lishe asiye Mwislamu hana sababu ya kuficha sufuria lake, na wanafunzi wasiofunga wasiambiwe wajifiche kula. Saumu ni wajibu wa aliyeitia nia, na haimfungi jirani yake.

Tuje shuleni, ambako marekebisho ni madogo zaidi lakini kosa huumiza zaidi, kwa kuwa anayeumia ni mtoto.

Shule za serikali hazina ada, lakini chakula cha mchana hutegemea michango ambayo wazazi hukubaliana vikaoni: mahindi, mchele, maharage au fedha. Mzazi ambaye mtoto wake hatakula mwezi mzima huuliza kama atalipa. Kamati ya shule itoe jibu la swali hili kabla ya mwezi, si baada ya mwanafunzi kurudishwa nyumbani kwa kudaiwa. Kwa maoni yangu, mzazi apewe chaguo: mchango wa mwezi upunguzwe, au uendelee kupikiwa wengine kama sadaka yake. Asilazimishwe lolote kati ya hayo mawili.

Mtoto wa darasa la nne anayesema amefunga, huenda hajaamrishwa kufunga. Mwalimu asimzuie wala asimpongeze kupita kiasi mbele ya darasa, maana sifa hizo humfanya aone aibu kunywa maji pale mwili unapokataa. Akipata kizunguzungu, apewe maji na chakula, na mzazi ajulishwe. Usafi wa asubuhi, kuchota maji na kazi za shamba la shule visifutwe kwa anayefunga. Vikifanywa asubuhi, au vikibadilishwa na kazi ya kivulini, inatosha. Kipindi cha michezo kikiwa alasiri, anaweza kushika kipenga au kuandika magoli.

Sasa zinahitajika zile ruhusa nilizomwomba msomaji azitunze. Binti wa kidato cha pili hula leo ilhali jana alifunga. Mwalimu, kwa uchangamfu tu, anamwuliza mbele ya wavulana, "Mbona leo unakula? Si wewe unafunga?" Swali hilo linamlazimisha aseme uongo au aeleze hedhi yake hadharani. Hakuna jibu jema aliloachiwa. Kanuni hapa isiwe na mlango wowote: mwalimu, mlezi wa bweni na mpishi wasimwulize mtu yeyote kwa nini amekula. Kwa sababu hiyo hiyo shule isitunze orodha ya wanaofunga. Orodha inayohitajika ni moja tu, ya wanaoomba daku na futari bwenini, na jina likiwamo humo halimaanishi kwamba mwenye jina ameapa kufunga kila siku.

Ugonjwa nao. Kyela ina malaria, na dawa mseto humezwa dozi 6 kwa siku 3: dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula. Mpangilio huo hauingii ndani ya usiku mmoja wa futari na daku. Mwanafunzi mwenye malaria asiachiwe achague kati ya dawa na saumu. Dini yake imekwisha kumchagulia, kwani mgonjwa ana ruhusa. Mwalimu asiye Mwislamu huenda akaona vigumu kulisema hilo. Amwite mzazi au shehe wa msikiti wa karibu alisema. Mwenye kisukari amwone daktari kabla ya mwezi kuanza.

Shule ya bweni ina kazi mbili zaidi. Daku liwe limeliwa kabla ya saa 11 na nusu alfajiri. Mpishi hahitaji kuamka usiku wa manane, kwa kuwa chakula cha jioni kikiwekwa kwenye hotpoti, na uji kwenye chupa ya chai, kinatosha. Jambo moja lisilokubalika ni kuwasha jiko au mshumaa bwenini. Futari nayo hugongana na prepo inayoanza saa 1 jioni. Prepo ikianza saa 1 na nusu kwa shule nzima, hakuna atakayekosa kipindi na hakuna atakayeonekana wa pekee.

Yamebaki masuala ya sherehe, na hapa niseme wazi kwamba sherehe ya pamoja ni jambo jema lakini haiwezi kushika nafasi ya ratiba. Viongozi wa serikali nchini wamezoea kuandaa futari na kuwaalika mapadri na wachungaji. Ofisi za wilaya na shule nazo zinaweza kufanya hivyo: magimbi, ndizi, uji, kipande cha mbasa wa ziwani. Lakini kampuni inayoandaa futari kubwa siku moja, huku mlinzi wake akikabidhi zamu saa 1 jioni siku nyingine 29, imetoa picha na kunyima haki. Aliyealikwa naye awe huru kutokuja. Wanyakyusa tunajua uzito wa kukataa chakula msibani. Basi Mwislamu anapokaa msibani mchana wa Ramadhani bila kula, wenye msiba wasione amewadharau; amekuja kuzika.

Panapopikwa nyama kwa wote, swali la nani achinje lisipuuzwe. Mwaka 2013 mgogoro wa kuchinja ulizaa vurugu na kifo huko Buseresere, Geita, na machafuko yakafika hata Tunduma, si mbali na sisi. Chungu cha pamoja kinahitaji makubaliano ya wazi mapema. Na pale makubaliano yanapokuwa magumu, samaki wa Nyasa hamgombanishi yeyote.

Njia ya kuipima kanuni yoyote ya Ramadhani ni kuigeuza. Je, kiongozi wa shule angeikubali kama ingemhusu Msabato asiyefanya mtihani wala kibarua Jumamosi? Je, ingemfaa Mmoravian anayetaka kuwahi ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, desturi ambayo kanisa lake limeishika tangu Herrnhut mwaka 1732? Kanuni inayoshindwa kugeuka namna hiyo ni upendeleo. Inayogeuka vizuri ni haki.

Sasa majibu yale mawili. Jibu kwamba ratiba ibaki ilivyo linakosea, kwa sababu ratiba yenyewe haikutoka mbinguni. Ilipangwa kwa kufuata milo, Jumapili na sikukuu za walio wengi, na kuisogeza nusu saa kwa mwezi mmoja hakumgharimu mtu kitu. Jibu kwamba wapunguziwe kazi linakosea pia, kwa sababu linamwondolea mtu wajibu ambao hakuomba kuondolewa. Kwa Kyela, ninachokiona kuwa sahihi ni saa zile zile zilizosogezwa, mapumziko yaliyoheshimiwa, na kinywa kilichofungwa kuhusu nani amekula na kwa nini.

Mwaka 2027 Ramadhani inatazamiwa kuanza Jumatatu tarehe 8 Februari au kesho yake, na Jumatano ya Majivu ni tarehe 10 ya mwezi huo huo. Shule hufunguliwa Januari. Walimu wakuu, wenyeviti wa kamati za shule na wasimamizi wa maghala ya kakao, liwekeni jambo hili kwenye kikao chenu cha kwanza cha mwaka, lipewe nusu saa, na makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari.